Mauzo yakishuka, kata manunuzi kabla ya bei na matangazo. Anayebisha aje na hesabu

#1 MizaniYaShaba

Wakuu, salamu.

Uchumi ukiyumba, mwenye duka dogo la rejareja karibu kila mara hufanya hivi: anashusha bei, anazima matangazo, halafu anaendelea kufunga mzigo uleule wa zamani kwa sababu amezoeana na muuzaji wa jumla. Nasema mpangilio huo umesimama kichwa chini miguu juu. Cha kwanza kuguswa kiwe manunuzi. Bei iguswe mwisho.

Sababu ni hii. Bidhaa unaiuza 100, umeinunua 70, faida ghafi 30. Ukitoa punguzo la 10% unauza 90, faida inabaki 20. Ili urudi kwenye faida ileile lazima uuze vipande 15 pale ulipokuwa unauza 10, yaani ongezeko la 50%. Kama faida ilikuwa 20 kwenye 100, punguzo hilohilo linakutaka uuze mara mbili. Sasa soko ambalo kila mtu amebana mfuko, hao wanunuzi wa ziada wanatoka wapi?

Kanuni ya haraka: asilimia ya punguzo, gawanya kwa asilimia ya faida ukishatoa punguzo. 10 ÷ (30 − 10) = 0.5. Ibandike nyuma ya kaunta.

Mzigo usioununua unabaki kuwa pesa, na pesa inalipa pango na mishahara. Mzigo uliolala rafuni haulipi chochote.

#2 Mpitaji

Nimeshika siti ya mbele. Leo kuna mtu atachaniwa daftari.

#3 Kaunta2

Swali kwa mleta mada. Wengi tunachukua bei ya kununulia tunaongeza 30% juu yake. Hapo ndiyo hiyo 30 yako?

#4 BintiHesabu

Siyo hiyo, na hapa ndipo maduka mengi yanapojidanganya. Umenunua 100, ukaongeza 30, unauza 130. Faida ni 30 ndani ya 130, sawa na 23.1% ya mauzo. Ukitoa punguzo la 10% kwenye 130 unauza 117, faida 17. Ili urudishe 30 kwa faida ya 17, lazima mauzo ya vipande yapande kwa karibu 76%, siyo 50%. Anayeongeza 25% juu ya kununulia ana 20% ya mauzo. Anayeongeza 50% ana 33.3%. Punguzo hukatwa kwenye bei ya kuuzia, kwa hiyo faida nayo ipime kwa bei ya kuuzia, siyo ya kununulia.

#5 StooKavu

Naunga mkono #1 kwenye manunuzi, ila "kata manunuzi" bila kusema ya nini ni hatari. Mtu anakata kila kitu kwa theluthi, wiki ya pili bidhaa zinazotembea zimeisha, zisizotembea bado zimejaa hadi dari.

Chukua kumbukumbu za wiki 12. Kila bidhaa iandikie faida ghafi iliyoingiza. Usiandike mauzo, maana kuna bidhaa inauza sana na haiachi kitu. Pembeni andika thamani ya mzigo wake uliopo stoo kwa bei ya kununulia. Panga kuanzia inayoleta faida kubwa. Sehemu ndogo ya orodha itabeba faida nyingi: hilo kundi A. Zinazofuata ni B, mkia ni C. A haikosekani rafuni hata siku moja. B unanunua kidogo kidogo. C usiagize hadi iishe, na ikiisha fikiri kwanza.

Mtego uko kwenye C. Zipo C zinazoivuta A. Mtu anakuja kununua betri kwa sababu anajua tochi na balbu zake ziko kwako, ingawa tochi unauza moja kwa wiki. Kabla hujaifuta C, pitia risiti zake 20 za mwisho uone ilitoka na nini. Ikiwa inatoka peke yake, iage. Ikiwa inatoka na vitu vya A, hiyo ni chambo, iache ila weka vipande viwili tu.

#6 DaftariJekundu

Mnazunguka mbuyu. Duka dogo haliuawi na bei wala mzigo, linauawa na madeni ya wateja. Hali ikiwa ngumu wateja wazuri wanaanza kukopa, mwenye duka anaona mauzo hayajashuka sana, anafurahi. Deni la 100 likipotea kwenye biashara ya faida 20%, unahitaji mauzo mapya ya 500 kulifidia. Fanyeni hesabu hiyo kwa madeni yaliyomo daftarini.

#7 BintiHesabu

400, siyo 500. Ulichopoteza ni mtaji wa 80, na kila mauzo ya 100 yanarudisha 20. 80 ÷ 20 ni mara nne.

#8 DaftariJekundu

Hizo 400 zinarudisha mtaji tu, na zinachukulia kwamba ile 20 ya faida haikuwa na kazi. Ilikuwa na kazi: pango. Ukitaka mtaji pamoja na faida yake, unarudi kwenye 500. Lakini sitagombana na wewe, ujumbe ni uleule.

Masharti ya kukopesha yawe manne na yaandikwe: kiwango cha juu kwa kila mtu, tarehe ya kulipa, hakuna deni jipya kabla la zamani halijaisha lote, na jumla ya madeni yote ya duka isivuke faida ghafi ya mwezi mmoja. Ikivuka, unafunga daftari kwa kila mtu, hata kwa shemeji. Na deni lisitoke kwenye bidhaa za A ambazo wewe mwenyewe unazilipia taslimu.

#9 Mpitaji

"Hata kwa shemeji." Huyu anataka kuvunja ndoa za watu.

#10 Kipimajoto

Mada nzuri, ila mmeruka swali la kwanza: uchumi mbaya wa aina gani? Ziko mbili na zinataka manunuzi ya kinyume.

Ya kwanza, watu hawana pesa na bei zinaanguka. Mdororo Mkuu ulikuwa hivyo: kati ya 1929 na 1933 bei za rejareja Marekani zilishuka kwa takriban robo. Hapo aliyejaza stoo anaumia mara mbili, mzigo hautoki na kesho jirani atanunua kwa bei ya chini kuliko wewe.

Ya pili, watu hawana pesa na bei zinapanda, kama nchi nyingi zilivyokuwa baada ya mafuta kupanda bei mwishoni mwa 1973. Hapo ushauri wa #1 wa kushika pesa unaweza kukuua. Ulinunua kwa 80, umeuza 100, unajihesabia faida 20. Unarudi kwa muuzaji wa jumla unakuta bei imekuwa 105. Umeuza kwa "faida" na huwezi kurudisha kipande kilekile rafuni. Ukirudia mizunguko sita, bei ikipanda hivyohivyo kila mzunguko, duka limepungua kama robo na daftari linasema ulikuwa unapata faida.

Kwa hali hiyo bei ya kuuzia inapangwa kwa gharama ya kununua tena, siyo ya risiti iliyomo kwenye droo. Na bidhaa za A zisizoharibika ni salama kuliko noti.

#11 MizaniYaShaba

Kipimajoto, nakubaliana na gharama ya kununua tena. Kulundika sikubaliani nako. Kulundika kunafaa pale bei inapopanda haraka kuliko gharama ya kukaa na mzigo. Weka pamoja riba ya mkopo (au kile ambacho pesa hiyo ingezalisha kwenye A), nafasi ya stoo, panya, unyevu, wizi, tarehe za kuisha muda. Ikifika 4% kwa mwezi na bei inapanda 2% kwa mwezi, unalipa ili ujione mjanja. Na wengi wakilundika wanalundika wanachopewa na muuzaji wa jumla kwa ofa, ambacho mara nyingi ni mzigo uliomlalia yeye.

#12 StooKavu

Hapa kuna vitu viwili vinavyochanganywa: *lini* uagize na *kiasi gani* uagize. Watu wanavikata vyote kwa pamoja.

Mfano. Bidhaa inauza 6 kwa siku, mzigo unachukua siku 5 kufika. Siku mbaya kabisa inaweza kuuza 9, na mzigo ukachelewa hadi siku 7. Kwa tahadhari unaagiza stoo ikifika 9 × 7 = 63.

Sasa hali imekuwa mbaya, mauzo yameshuka hadi 4 kwa siku, ya juu 6. Mwenye duka anasema "nitaagiza ikifika 30". Amesahau kwamba muuzaji wa jumla naye amepunguza mzigo wake, anasubiri akusanye oda ndipo alete. Siku 7 zimekuwa 10. 6 × 10 = 60. Kiwango cha kuagizia hakijashuka karibu chochote! Kilichotakiwa kushuka ni kiasi cha kila oda.

Kiasi nacho hakishuki sawasawa na mauzo. Kwa kanuni ya Ford Harris ya 1913, kiasi bora cha oda kinafuata kipeuo cha pili cha mauzo: mauzo yakishuka nusu, oda inashuka kama 29%. Kwa hiyo unaagiza kwa nafasi ndefu kidogo kuliko zamani.

#13 Mpitaji

Tumefika kwenye vipeuo. Watu tulikuja kujua jinsi ya kuuza sabuni.

#14 BintiHesabu

StooKavu, ongeza tahadhari moja: kanuni ya Harris inachukulia mtaji upo. Inasawazisha gharama ya kuagiza na gharama ya kutunza, basi. Duka lenye pesa ya oda tatu na mahitaji ya oda nane halipangiwi na kipeuo, linapangiwa na pesa iliyopo. Hapo unanunua kinachorudisha pesa haraka, hata kama nauli ya kufuata mzigo mara nyingi inauma.

#15 Kaunta2

Sawa, sasa mtu ajuaje mwezi huu anunue kwa jumla ya kiasi gani? Naona kila mtu anasema "punguza".

#16 StooKavu

Weka kila kitu kwa bei ya kununulia ili usichanganye. Mauzo unayotarajia mwezi huu, ongeza mzigo unaotaka ubaki nao mwisho wa mwezi, toa mzigo ulionao leo, toa mzigo ulioagiza haujafika.

Mfano: mauzo 400, unataka ubaki na 500, leo una 620, njiani kuna 90. 400 + 500 − 620 − 90 = 190. Hiyo ndiyo ruhusa yako. Usiitumie yote wiki ya kwanza. Gawa kwa wiki, na acha kama sehemu ya tano bila jina, kwa sababu wakati huu kuna maduka yanafunga na wasambazaji wanatoa mzigo mzuri kwa bei ya hasara. Mwenye pesa siku hiyo ndiye anaupata.

Ikitoka hasi, maana yake mwezi huu hununui C wala B kabisa, na A unazigharamia kwa kuuza mzigo uliolala. Yanayokosewa: kusahau mzigo ulio njiani, na kuweka mauzo unayoyatamani badala ya yale ya wiki nne zilizopita.

#17 Tochi

Mmemaliza kurasa kwenye stoo, matangazo hakuna aliyeyagusa. Mleta mada alisema yasikatwe, sawa, lakini mengi yanastahili kukatwa. Bango la barabarani, vipeperushi kwa wapita njia, kulipia posti ionwe na watu wa mji mwingine: kata. Bakiza kinachomrudisha mteja anayekujua.

Hatua zenyewe. Andika orodha ya wateja wenye namba za simu na waliokubali kutumiwa ujumbe. Kila mmoja muwekee tarehe ya mwisho kununua, mara ngapi ndani ya miezi mitatu, na thamani ya jumla. Wagawe watatu: waliokuja ndani ya siku 30, waliopotea siku 31 hadi 90, waliopita hapo.

Wa kwanza usiwape punguzo, watanunua tu. Waambie kilichofika na kilichopungua bei kwa muuzaji wa jumla. Wa pili ndio wenye faida kuwafuata: ujumbe mmoja wenye jina la bidhaa waliyozoea, ukubwa wake na bei yake. Wa tatu jaribu mara moja tu. Ujumbe usizidi mmoja kwa wiki, utoke siku ambayo watu wana pesa, na uwe na njia ya kusema "sitaki tena". Akisema, mtoe siku hiyohiyo.

Kujua kama unafanya kazi: gawa kundi la pili nusu kwa nusu bila kuchagua, mfano kwa tarakimu ya mwisho ya simu, shufwa wapate, witiri wasipate. Baada ya wiki linganisha. Wakija 8 kati ya 100 waliopata na 5 kati ya 100 wasiopata, usishangilie, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati. Rudia mara tatu ndipo useme.

#18 GazetiLaJana

Historia inamuunga mkono mleta mada. Wakati wa Mdororo Mkuu Kellogg iliongeza matangazo wakati mshindani wake Post alibana, na Kellogg ndiyo ikatoka kifua mbele. Tangu miaka ya 1920 kuna watafiti waliolinganisha kampuni zilizotangaza na zilizonyamaza wakati wa mdororo, zilizotangaza zikaonekana bora.

#19 Tochi

Huo mfano huwa unatolewa na wauza matangazo. Matatizo mawili. Kampuni iliyokuwa na afya ndiyo yenye pesa ya kuendelea kutangaza, kwa hiyo huenda afya ndiyo iliyoleta matangazo, siyo kinyume. Pili, Kellogg ni mtengenezaji anayegombania jina kwenye rafu za nchi nzima. Duka dogo wateja wake wanatoka umbali wa kutembea, wanalijua. Tatizo lao na duka siyo kutolijua.

#20 GazetiLaJana

Hoja ya afya nimeielewa, lakini inakata kotekote. Hata orodha yako ya simu inafanya kazi kwa duka ambalo bado lina mzigo wa kuwaambia watu. Na duka jirani likifungwa, wateja wake hawamo kwenye orodha yako. Utawaambiaje upo?

#21 Tochi

Kwa hilo moja, bango mlangoni na ujumbe kwa wateja wako "mlete jirani". Wiki mbili tu.

#22 RafuYaChini

Naleta sababu ambayo haijatajwa: mapengo. Mnashauri kukata manunuzi, rafu zinabaki na nafasi, mteja anasoma duka linakufa. Akikosa vitu viwili kati ya vitano alivyofuata, vitano vyote atavifuata kwingine wiki ijayo. Hapo #16 anaona mauzo yameshuka, anapunguza tena ruhusa, mapengo yanaongezeka. Maduka yanajizika hivyo kwa fomula nzuri kabisa.

Dawa ni kupunguza chapa bila kupunguza aina. Dawa ya meno chapa tano, baki na mbili au tatu. Kila aina ya hitaji iwepo, chaguo ndani yake lipungue. Kisha sogeza: vitu vya mbele vivutwe ukingoni mwa rafu, safu za nyuma zikiwa tupu haionekani. Toa rafu nzima ikibidi, rafu nne zilizojaa zinauza kuliko sita zenye mapengo. Usilaze bidhaa moja safu nane ili kuziba, mteja anaelewa.

Chapa ipi itoke? Kawaida ya katikati. Watu wakibanwa wanashuka kwenda ya chini, wachache wanashikilia ya juu.

#23 BintiHesabu

Hapo kwenye ya katikati sina uhakika nawe. Ukitoa ya katikati, anayeshuka kutoka juu anaanguka moja kwa moja hadi chini, unapoteza faida ya hatua nzima. Na ya juu ikibaki hata kipande kimoja, ya katikati inaonekana ya nafuu. Mimi ningetoa ile ambayo faida yake kwa kila sentimita ya rafu ni ndogo, iwe ya juu, ya kati au ya chini.

Na bei tusiifunge kabisa kama #1 anavyotaka. Wateja wanakumbuka bei za vitu vichache, pengine kumi hadi ishirini, vile wanavyonunua kila wiki. Hivyo viwe sawa na jirani au chini kidogo. Vingine hakuna anayevikumbuka, unaweza kupandisha taratibu. Hesabu ya kupandisha ni dada yake ile ya punguzo: ukipandisha 5% kwenye faida ya 25%, unaweza kupoteza 5 ÷ 30, kama 16.7% ya vipande, kabla hujawa pabaya kuliko mwanzo. Kujua ni vitu gani vinakumbukwa, sikiliza kaunta: kile ambacho mteja anasema "kwa fulani ni bei hii" kiandike. Wiki mbili orodha imepatikana.

#24 Kaunta2

Na kupima vidogovidogo je? Watu hawana pesa ya chupa nzima.

#25 RafuYaChini

Inafaa na ndiyo inayookoa wengi, ila hesabu yake ina mashimo. Sabuni ya maji lita 20 kwenye chupa za nusu lita ni chupa 40 kwenye karatasi. Inayobaki ukutani mwa dumu, povu na kumwagika vinakula 3 hadi 5%, kwa hiyo panga bei kwa chupa 38. Ongeza chupa tupu, kifuniko, lebo na muda wa anayejaza. Mara nyingi chupa tupu inakula faida kuliko sabuni, ndiyo maana ni vizuri mteja arudishe chupa apunguziwe.

Chupa ya kinywaji usiitumie kwa kemikali, hata ikiwa safi. Mtoto atakunywa. Lebo iwe na jina, ujazo na tarehe ya kuisha muda kutoka kwenye dumu. Dawa za binadamu na za wadudu usizifungue kabisa, ziuze kama zilivyotoka kiwandani. Na ujazo usipunguzwe kimyakimya kwa bei ileile. Sema ni mililita ngapi, mteja akijigundulia mwenyewe hatarudi.

#26 MizaniYaShaba

Nirudi kwenye ofa za jumla, maana zinatega. "Nunua katoni 10 upate 1 bure" siyo punguzo la 10%. Unalipia 10 unapata 11, ni 1 ÷ 11, sawa na 9.1%. Halafu katoni 11 unazikalia miezi. Kataa.

#27 BintiHesabu

Usikatae kabla ya kuhesabu. Duka linauza katoni 1 kwa wiki, 11 zinaisha wiki 11, kwa wastani pesa inakaa wiki 5.5. Pesa ikigharimu 3% kwa mwezi, hiyo ni kama 3.8%. Umepata 9.1, umetoa 3.8, bado uko mbele. Mauzo yakishuka nusu, wiki 22, wastani wiki 11, gharama karibu 7.7%. Bado uko mbele kwa uzi mwembamba. Kinachoharibu ni kama pesa ya katoni 10 ndiyo iliyokuwa inunue A tatu nyingine ambazo zitakosekana kesho, au bidhaa inaisha muda wiki ya 15.

#28 DaftariJekundu

Ndiyo maana kwa muuzaji wa jumla usigombanie bei peke yake. Omba: kima cha chini cha oda kishuke; katoni mchanganyiko; kubadilisha kisichotoka ndani ya siku 45; bei isimame mwezi mmoja; au mali kauli kwa bidhaa mpya, ulipe kilichouzwa tu. Hayo mara nyingi anayaweza hata pale bei haiwezi.

Akikwambia ulipe ndani ya siku 10 upunguziwe 2%, vinginevyo siku 30, jua kwamba kukataa ni kukopa 98 kwa siku 20 kwa gharama ya 2. Kwa mwaka ni kama 37%. Kama pesa ipo, lipa mapema. Kama haipo, mlipe kwanza anayekuletea A, na wengine uwaambie tarehe kabla hawajapiga simu.

#29 MizaniYaShaba

Na mzigo uliokwisha kulala? Wengi wanaushikilia kwa sababu "nilinunua kwa 100". Ulichonunulia kimeshaenda. Thamani yake ni kile utakachopewa leo. Kwanza uhamishe mahali, usogeze karibu na kaunta kwa wiki mbili. Ukikataa, ufunge pamoja na bidhaa inayotembea. Ukikataa tena, kata mara moja na kwa kina. Ukianza 10%, kisha 15, kisha 20, unawafundisha wateja kusubiri.

Mzigo wa 100 ukiutoa kwa 60 na kuziweka kwenye A inayoongezewa 20% na kuzunguka kila mwezi: 60, 72, 86, 104. Miezi mitatu umerudi.

#30 DaftariJekundu

Hizo 44 ni faida ghafi, pango na umeme vinakula humohumo. Hurudi kwa miezi mitatu.

#31 MizaniYaShaba

Pango unalipa hata mzigo ukilala. Linganisha na hiyo.

#32 Mpitaji

Wakuu, na ile nadharia kwamba hali ikiwa mbaya rangi ya mdomo inauza zaidi?

#33 GazetiLaJana

Leonard Lauder wa Estée Lauder aliisema, ikavuma mwaka 2001. Takwimu za midororo mingine zimebishana nayo. Usijaze rafu kwa nadharia ya muuza rangi ya mdomo.

#34 Kipimajoto

Mnabishana bei, madeni, mapengo, mzigo, kila mtu na ugonjwa wake. Kuna kipimo kinachopunguza ubishi. Mauzo ni idadi ya risiti mara wastani wa risiti. Tenganisha, linganisha wiki nne hizi na wiki nne zilizotangulia.

Risiti zimepungua, wastani uko palepale: watu wameondoka, tafuta mapengo, jirani mpya au bei zinazokumbukwa. Risiti ni zilezile, wastani umeshuka: watu wapo, mifuko imepungua, hapo vipimo vidogo na chapa ya chini. Risiti zimeongezeka na wastani umeshuka: wanavunja manunuzi yao vipande, hapo mtaji wako unahitaji kuzunguka haraka na chenji itakusumbua. Hesabu pia bidhaa kwa kila risiti. Wastani ukishuka lakini idadi ya bidhaa haijashuka, wamehama chapa.

Asiye na mashine ya risiti achore vijiti kwenye karatasi, kijiti kimoja kila mteja, na mauzo ya siku chini yake.

#35 RafuYaChini

Vijiti havionyeshi aliyeingia akakosa akatoka. Weka karatasi ya pili: "aliulizia, hakuna". Hiyo ndiyo inayoumbua ruhusa za #16.

#36 StooKavu

Na kila anayeulizia kitu mara moja unamnunulia katoni? Subiri kiulizwe na watu watatu tofauti ndani ya wiki mbili.

#37 DaftariJekundu

Kabla ya vijiti vyote hivyo tenga risiti za taslimu na za mkopo. Wastani wa risiti ya mkopo huwa mkubwa, mtu anayekopa habani mkono. Ukizichanganya utasema wateja wana afya.

#38 Kaunta2

Shukrani wakuu. BintiHesabu, tafadhali ile ya punguzo na ya kupandisha ziweke kwenye jedwali moja, faida ya 15 hadi 40.

#39 BintiHesabu

Ya 15% naiandika hapahapa, haihitaji jedwali: punguzo la 10% linataka vipande mara tatu. Nyingine naweka jioni.